Mkataba Uliobaki Ng'ambo ya Ghuba: Kisa cha John Casor na Ofisi ya Karani wa Northampton

Eastville ni mji mdogo ulioko kwenye rasi nyembamba inayotenganisha Ghuba ya Chesapeake na Bahari ya Atlantiki, katika jimbo la Virginia nchini Marekani. Hapo ndipo makao ya Kaunti ya Northampton yalipo, na katika ofisi ya karani wa mahakama yake zimehifadhiwa kumbukumbu zinazoanzia mwaka 1632 na kufuatana bila kukatika hadi leo. Hakuna kaunti nyingine katika Marekani yote yenye mfululizo mrefu kuliko huo. Miongoni mwa vitabu hivyo vya kale zimo kurasa zinazohusu shauri lililoamuliwa tarehe 8 Machi 1655 kati ya Anthony Johnson, mkulima Mwafrika aliyekuwa huru, na jirani yake Mwingereza, Robert Parker. Kilichogombaniwa hakikuwa shamba wala ng'ombe. Waligombania mtu: John Casor, Mwafrika aliyesema kwamba muda wake wa utumishi ulikuwa umekwisha miaka mingi kabla ya siku hiyo.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha mabwana wawili na mtumwa mmoja. Katika uchambuzi huu nitakitazama kutoka mezani kwa karani, kwa kuwa ninaamini kwamba asiyejua ni nini kilifikishwa mezani hapo, ni nini hakikufikishwa, na yaliyofikishwa yaliandikwa kwa maneno gani, hawezi kueleza kwa nini Casor alishindwa, wala kwa nini sisi tunalijua jina lake.

Neno karani kwa wengi wetu humaanisha mtumishi wa masjala anayepokea majalada, kupanga tarehe za kesi na kutoa nakala za hukumu. Katika Virginia ya karne ya 17 karani alifanya hayo yote, na zaidi. Mahakama ya kaunti iliendeshwa na makamishna ambao hawakuwa wanasheria. Walikuwa wenye mashamba ya tumbaku, walioketi pamoja kila baada ya muda fulani kuamua madeni, ugomvi, mirathi, kodi na matengenezo ya barabara. Mtu aliyejua hati inaandikwaje, wito wa kufika mahakamani unatolewaje na amri ya mwezi uliopita ilisema nini alikuwa karani. Alisajili uuzaji wa ardhi, wasia, orodha za mali za marehemu, mikataba ya watumishi, hata alama za masikio ambazo kila mfugaji aliwakata ng'ombe na nguruwe wake ili wasichanganyike na wa jirani. Alilipwa ada iliyowekwa na sheria, na ada hiyo ilihesabiwa kwa ratili za tumbaku, kwa kuwa tumbaku ndiyo iliyokuwa fedha ya koloni. Karani wa kwanza wa mahakama hii, wakati eneo lote bado likiitwa Accawmack, alikuwa Henry Bagwell; jina la Northampton lilikuja baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1640.

Tarehe yenyewe ya hukumu inaonyesha jinsi kumbukumbu hizi zinavyohitaji kusomwa kwa uangalifu. Karani aliandika mwaka 1654, si 1655, kwa sababu Waingereza wa wakati huo waliuanza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Msomaji asiyelijua jambo hilo atauweka mwezi Machi mwaka mzima kabla ya wakati wake, na matukio yaliyotangulia shauri yataonekana kama yalitokea baada yake. Kosa hilo bado linaonekana katika maandishi mengi yanayokitaja kisa hiki.

Anthony Johnson naye tunamjua kwa sehemu kubwa kupitia vitabu vya makarani. Alifika Virginia mwaka 1621 katika meli iliyoitwa James, akiandikwa kwa jina la Antonio na neno la kumtambulisha kuwa mtu mweusi, bila jina la ukoo. Alipelekwa kwenye shamba la Edward Bennett, na mwezi Machi 1622, wenyeji wa nchi hiyo waliposhambulia makazi ya Waingereza, alikuwa miongoni mwa wachache sana walionusurika shambani hapo. Mwaka huohuo aliletwa Mary, mwanamke Mwafrika, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake. Namna walivyopata uhuru haikuandikwa popote. Kufikia miaka ya 1640 walikuwa ng'ambo ya mashariki ya ghuba, wakiwa huru, wakilima na kufuga.

Kuna ushahidi mmoja wa mwaka 1645 ambao naupenda kuliko yote mengine yaliyomo katika vitabu hivyo, kwa sababu safari hii shahidi alikuwa karani mwenyewe. Edwyn Conaway, aliyeshika ofisi hiyo wakati huo, alieleza kwamba alikutana na Mwafrika aitwaye Anthony baada ya mtu huyo kwenda na Bwana Philip Taylor shambani kugawana mahindi yao. Anthony alimwambia kuwa sasa anaijua ardhi yake mwenyewe, na kwamba atafanya kazi apendapo na kustarehe apendapo. Wanahistoria wengi wanaamini kuwa huyo ndiye Anthony Johnson. Karani aliyazoea maneno ya kisheria yanayorudiwa katika kila hati, lakini mara hii aliona inafaa kuyaweka kitabuni maneno ya mkulima jinsi yalivyotamkwa.

Mwaka 1651 Johnson alipata ekari 250. Utaratibu uliotumika nao ulipita katika mahakama ya kaunti: aliyegharimia safari ya mtu kuja Virginia alistahili ekari 50 kwa kila kichwa; mahakama ilithibitisha majina, karani akatoa cheti, na cheti hicho kikapelekwa kwa Katibu wa koloni huko Jamestown ili hati ya ardhi itolewe. Johnson alidai kwa vichwa vitano. Miaka miwili baadaye, Februari 1653, baada ya moto kuteketeza sehemu kubwa ya shamba lake, mahakama ileile ilimsamehe mkewe na binti zake wawili kodi ya kichwa kwa maisha yao yote, ikitaja kwamba Johnson na mkewe walikuwa wameishi nchini kwa zaidi ya miaka 30 na kwamba walifahamika kwa bidii yao. Msamaha huo haukuwa jambo dogo, kwa sababu sheria ya 1643 iliwatoza kodi wanawake Waafrika huku ikiwaacha wanawake wa Kiingereza. Nayataja haya ili ieleweke kwamba Johnson alipokwenda kushtaki alikuwa mtu anayefahamika mahakamani, na ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa humo kwa sifa njema.

Ugomvi wenyewe umehifadhiwa katika ushahidi wa kiapo wa Kapteni Samuel Goldsmith. Alisema kwamba alipofika nyumbani kwa Johnson, Casor alimwendea na kumlalamikia kuwa aliingia Virginia kwa mkataba wa utumishi wa miaka saba au minane, na kwamba Johnson amemshikilia miaka saba zaidi ya ile aliyostahili. Johnson alijibu kuwa hakuwahi kuuona mkataba wowote na kwamba Casor ni wake kwa maisha. Ndipo ndugu wawili, Robert na George Parker, wakasema wanajua kwamba mkataba wa Casor upo, lakini uko kwa mtu mwingine upande wa pili wa ghuba. Wakaongeza kuwa Johnson asipomwachilia, Casor angeweza kumdai mahakamani na kumpokonya sehemu kubwa ya ng'ombe wake. Johnson akaingiwa na hofu. Mke wake, wanawe wawili na mkwe wake wakamsihi amwache mtu huyo aende, naye akamwacha. Casor akaenda kwa Robert Parker na kujifunga kumtumikia. Baada ya muda Johnson alibadili nia, akaenda mahakamani kumshtaki Parker kwa kumzuilia mtumishi wake kwa kisingizio kwamba ni mtu huru.

Katika maelezo yote ya Goldsmith, neno ambalo shauri zima lilining'inia juu yake ni mkataba. Mkataba wa utumishi uliandikwa mara mbili kwenye karatasi moja, kisha karatasi ikakatwa kwa mstari wa mawimbi au wa meno ya msumeno, bwana akachukua nusu na mtumishi nusu, ili siku ya ubishi nusu hizo ziwekwe pamoja na kuonekana kama zinaoana. Mtumishi mwenye busara aliitunza nusu yake kuliko nguo yake. Mwenye bahati zaidi aliufikisha mkataba wake kwa karani ukasajiliwa, na tangu hapo hata kama nusu yake ingeliwa na moto au kuibwa, maneno yake yangebaki kitabuni. Watu wa pwani yetu walikuja kuujua uzito wa jambo la namna hiyo kwa njia nyingine: amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 ilipoondoa hali ya kisheria ya utumwa Zanzibar na Pemba, aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuuomba, na asiyekwenda, hali yake ilibaki ileile machoni pa bwana wake.

Casor hakuwa na nusu yoyote mkononi, na mkataba wake haukuwa umesajiliwa Northampton. Kama ulikuwepo kweli, ulikuwa ng'ambo ya maji, katika kaunti nyingine yenye karani mwingine, na ghuba hiyo haivukwi bila chombo na ruhusa ya bwana. Kwa hiyo mtu ambaye haki yake ilitegemea karatasi hakuwa na njia ya kuifuata karatasi hiyo.

Hata hivyo, kukosa karatasi peke yake hakukupaswa kummaliza. Sheria ya Virginia ya mwaka 1643 ilikuwa imekwisha kuweka kipimo kwa watumishi walioletwa bila mkataba: aliyezidi umri wa miaka 20 angetumikia miaka minne, aliye kati ya 12 na 20 angetumikia mitano, na aliye chini ya 12 angetumikia saba. Mwingereza asiye na hati aliegemea kipimo hicho, na mahakama za kaunti zilikitumia kila mara, karani akiandika umri uliokadiriwa na tarehe ya kumaliza. Casor, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amekwisha kutumikia takriban miaka 14 au 15, ambayo ni mara mbili ya kipimo kirefu kuliko vyote. Katika amri iliyoandikwa siku ile hakuna dalili kwamba mtu yeyote alikitaja kipimo hicho. Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa ya hukumu, na kasoro hiyo ni ya makamishna, si ya karani: pengo lilelile la karatasi ambalo kwa Mwingereza lilizibwa na sheria, kwa Mwafrika liliachwa wazi.

Amri yenyewe ni fupi. Inasema kwamba mahakama imelipima jambo kwa makini na kuona kuwa Bwana Robert Parker anamzuilia John Casor isivyo haki, kama inavyoonekana katika ushahidi wa Kapteni Goldsmith na katika mazingira mengi yenye kuaminika. Kwa hiyo Casor arudi mara moja katika utumishi wa bwana wake Anthony Johnson, na Parker alipe gharama zote za shauri. Mambo mawili katika maandishi hayo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Kwanza, aliyeshindwa ameandikwa kwa neno la heshima, Bwana, wakati aliyeshinda ameandikwa na neno la kutaja weusi wake pembeni mwa jina. Mkono wa karani ulikuwa umekwisha kuwapanga watu hao kwa daraja kabla hata ya kufika kwenye uamuzi. Pili, neno maisha halimo katika amri. Limo katika ushahidi wa Goldsmith, kinywani mwa Johnson. Makamishna walimrudisha Casor katika utumishi bila kusema kwa muda gani, na kwa kuwa hakuna tarehe ya kumaliza iliyoandikwa, utumishi huo haukuwa na mwisho.

Hilo la pili lina uzito kwa sababu kisa hiki siku hizi hutumiwa na watu wanaotaka kudai kwamba utumwa wa Marekani ulianzishwa na Mwafrika. Kumbukumbu haziungi mkono dai hilo. Miaka 15 kabla yake, Julai 1640, Mahakama Kuu ya koloni ilikuwa imemhukumu Mwafrika aitwaye John Punch kutumikia maisha yake yote kwa kosa la kutoroka, ilhali wenzake wawili waliotoroka pamoja naye, Mholanzi na Mskoti, waliongezewa miaka minne tu. Na kabla ya hapo tayari kulikuwa na Waafrika walioshikiliwa bila kikomo chochote kuandikwa. Shauri la Casor ni la kwanza linalojulikana la madai, lisilo la jinai, ambamo mahakama ya Virginia ilikubali dai la mtu aliyesema kuwa mwenzake ni wake kwa maisha. Hilo lenyewe ni zito vya kutosha, na halihitaji kutiwa chumvi.

Inafaa pia kuuliza karani alikuwa mtu wa nani, kwa maana ofisi hii imebadilisha mabwana mara kadhaa. Katika nusu ya pili ya karne ya 17 makarani wa kaunti waliteuliwa na Katibu wa koloni, nao walimtegemea yeye kwa cheo chao kuliko walivyowategemea watu waliowahudumia. Baada ya Marekani kupata uhuru wake kutoka Uingereza, uteuzi ulikwenda kwa mahakimu wa kaunti wenyewe. Katiba ya Virginia ya mwaka 1851 ndiyo iliyompeleka karani kwa wapiga kura. Mwaka 1904, kufuatia katiba ya 1902, mahakama za kaunti zilifutwa na kazi zake kuhamia mahakama za mzunguko, na karani akahama na vitabu vyake vyote. Leo anachaguliwa kwa kipindi cha miaka minane, na bado ni yeye anayesajili ardhi, kuthibitisha wasia, kutoa leseni za ndoa na kutunza majalada ya kesi. Kwa maoni yangu kipindi hicho kirefu kina busara, kwa kuwa mtunza kumbukumbu anayeogopa uchaguzi wa kesho anaweza kushawishika kuhusu ukurasa wa leo.

Kwamba tunaweza kuusoma ukurasa wa mwaka 1655 ni jambo ambalo nusura lisiwezekane. Virginia ina kaunti nyingi ambazo watafiti huziita kaunti za kumbukumbu zilizoungua. Gloucester ilipoteza vitabu vyake kwa moto wa mwaka 1820, kisha ikapoteza vingine mwaka 1865. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, makarani wa kaunti kadhaa, zikiwemo James City na Hanover, walipeleka vitabu vyao Richmond wakidhani huko ndiko kwenye usalama, na mji huo ulipowaka mwanzoni mwa Aprili 1865, karne mbili za hati ziliteketea kwa siku moja. Vitabu vya Mahakama Kuu ya koloni viliungua pamoja navyo, na hukumu ya John Punch tunayo kwa sababu tu ilikuwa imenakiliwa mapema. Vitabu vya Northampton vilibaki kwenye rasi yao. Leo sehemu ya ada inayolipwa na kila anayesajili hati ya ardhi katika Virginia inakwenda katika kuhifadhi na kukarabati vitabu vya zamani vya makarani, na matumizi hayo nayaona ni ya haki kabisa, kwa maana hati ya leo inailipia hati ya jana.

Familia ya Johnson haikukaa sana. Mwaka 1665 walihamia Kaunti ya Somerset katika koloni la Maryland, na Casor akaenda nao. Karatasi, ambayo ilikuwa imemsaidia Johnson kwa kutokuwepo, ilianza kumgeukia. Mwaka 1667 Edmund Scarborough, mmoja wa wakubwa wa eneo lile, aliitolea mahakama barua iliyodaiwa kuwa ya Johnson, ambamo Johnson alikiri deni. Johnson hakujua kusoma wala kuandika; mahakama iliipokea barua hiyo hivyohivyo, na Scarborough akapata ratili 1,344 za tumbaku. Johnson alifariki mwaka 1670. Mwezi Agosti mwaka huo, baraza la wazee wa mahakama huko Virginia liliamua kwamba ardhi aliyoiacha inaweza kuchukuliwa na serikali, kwa sababu alikuwa mtu mweusi na kwa hiyo mgeni asiye raia. Ekari 50 ambazo alikuwa amempa mwanawe Richard ziliishia mikononi mwa George Parker, yuleyule aliyekuwa amesema kwamba mkataba wa Casor upo ng'ambo ya ghuba.

Casor hakuachiliwa. Alibaki na mjane Mary huko Somerset, na mwanzoni mwa miaka ya 1670 jina lake linaonekana tena mbele ya karani, safari hii akisajili alama ya mifugo yake mwenyewe. Mtu ambaye mahakama ilikuwa imemrudisha kwa bwana wake kama mali alikuwa na ng'ombe, na karani wa Maryland alimwandikia alama yao jinsi alivyomwandikia mfugaji mwingine yeyote. Mwaka 1677 mjukuu wa Anthony na Mary, John Johnson, alinunua ekari 44 katika kaunti hiyohiyo. Katika hati shamba hilo lina jina alilolichagua mwenyewe, nalo ni Angola.